Kiti cha Kutazama Nyuma

Siku habari ilipofika, shemeji yake alipanga foleni.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Mama Pacha alikuwa mahali pake pa miaka kumi na saba, nyuma ya kaunta ya ofisi ya vifurushi, mizani mbele yake, mkanda wa gundi upande wa kulia na kikombe cha chai iliyopoa upande wa kushoto. Alipoinua macho akamwona mdogo wa mumewe amesimama nyuma ya watu wawili. Shemeji huyu ni mwalimu wa hesabu, mtu wa utaratibu tangu utoto, na siku hiyo mikono yake ilikuwa mitupu.

"Shemeji, leo umekuja kujituma mwenyewe?" Mama Pacha akamtania kutoka pale pale. "Kwa kitambi hicho nitakutoza bei ya friji!"

Shemeji hakucheka. Mbele yake mzee mmoja alikuwa anatuma viatu, na nyuma ya mzee dada mmoja alikuwa hajui kama nyumba anayotuma mzigo ni namba kumi na tatu au thelathini. Shemeji alisubiri viatu vifungwe. Akasubiri dada apige simu na kuuliza. Baadaye alisema kwamba alishukuru kwa kila dakika waliyomkawiza, maana ilikuwa dakika moja zaidi ya yule mwanamke kucheka.

Zamu yake ilipofika akaegemea kaunta, viganja vyake vyote viwili juu ya mizani bila kujua, na namba nyekundu zikaanza kupanda na kushuka.

"Shemeji, funga dirisha."

"Watoto?"

"Watoto wako shule, wazima kabisa."

 Mama Pacha akauliza neno moja tu: "Majini?"

"Hapana. Dukani kwake. Kwenye kiti."

Akaanza kufunga. Alirudisha mkanda wa gundi kwenye droo, akageuza kibao cha dirisha, akamwomba radhi mtu wa nyuma ya shemeji. Alipofika mlangoni mwalimu wa hesabu akamshika mkono.

Njiani alielezwa yote. Mumewe alikuwa amemaliza kiti cha mteja, kiti kikubwa cha mikono, akakikalia kukijaribu kama alivyojaribu kila kiti kwa miaka ishirini na sita. Mteja alipokuja kukichukua alidhani fundi amesinzia. Daktari alisema moyo ulisimama mara moja na hakuteseka. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, na tunaliamini.

Lakini lile neno, "majini", ndilo lililobeba maisha yao ya miaka mitatu ya mwisho, na bila kulieleza huwezi kumjua vizuri marehemu wala mkewe.

Mama Pacha alikuwa anaogopa maji. Si kwa mzaha, si kwa maringo. Alipokuwa na miaka saba alitumbukia kwenye tangi la maji nyuma ya nyumba yao, akatolewa kwa kuvutwa nywele. Tangu hapo hata ndoo iliyojaa mpaka juu aliitazama kwa jicho la pembeni. Alipojaliwa mapacha, msichana na mvulana, ombi lake la kila jioni lilikuwa moja: Mungu, maji yasinichukulie mtu.

Mumewe alikuwa fundi makochi. Mtaani walimwita Bwana Sponji, na jina lilimkaa, maana kila alipopita aliacha vipande vidogo vya sponji vilivyonasa kwenye soksi. Alikuwa mpole, mwenye kucheka taratibu, na alikuwa na tabia moja iliyomwaibisha mkewe kila walipoalikwa kwa watu: kabla ya kukaa, alibonyeza kiti kwa dole gumba. Akishabonyeza alijua kilichomo ndani, kama ni sponji nzuri, masalia ya godoro, au matambara. "Mume wangu, tumekuja kula, hatujaja kukagua," Mama Pacha angemnong'oneza. Naye angejibu, "Nimeshakagua. Wewe kaa pale, huku kuna msumari."

Mapacha walipofika miaka kumi na minne, shule yao iliwapeleka ziwani, mwendo wa nusu saa tu kutoka nyumbani, kwenye yadi ya boti ambako watu hufundishwa kusimama juu ya ubao wakivutwa na boti kwa kamba. Msichana, ambaye nyumbani anaitwa Kibiriti kwa jinsi anavyowaka upesi, alisimama mara ya tatu tu. Kaka yake, anayeitwa Babu kwa sababu alizaliwa na mikunjo kwenye paji la uso, alisimama mara ya kumi na moja, akaanguka, akaibuka anacheka. Tangu siku ile nyumba haikulala kwa habari za ubao. Kukodi boti kulikuwa kwa robo saa, na robo saa ni kama kumlambisha mtu asali kwenye ncha ya kijiti. Senti zao zote za mfukoni ziliishia pale.

Jumapili moja, baada ya ibada, Bwana Sponji akakohoa kile kikohozi chake cha kutaka kusema jambo.

"Nimefikiri tununue boti yetu. Kuukuu, lakini yetu. Ile akiba ya miaka minne."

"Akiba ya paa?"

"Paa halivuji, mke wangu. Linapiga kelele tu."

Mama Pacha aliweka chini kijiko. Hakupaza sauti, na watoto wakajua mambo ni mazito. Bwana Sponji akawahi kusema, "Subiri. Nina sharti, na sharti liko mikononi mwako. Sitatoa hata senti kwa boti yoyote mpaka wewe mwenyewe uikalie, uniambie, 'Hapa nitakaa.' Usiposema, hatununui. Sitaki furaha ya familia ambayo mama amebaki nyumbani anaomba."

Kibiriti akamgeukia baba yake kama mtu aliyeuzwa. Babu akaweka simu mezani, jambo la nadra. Mama Pacha yeye alicheka moyoni. Aliona amepewa ufunguo wa mlango na ruhusa ya kuutupa. Angekalia boti zote za dunia, na maneno yale mawili yasingetoka kinywani mwake.

Wakaanza kuzunguka. Jumamosi baada ya Jumamosi, wanne ndani ya pikapu ya duka, watoto nyuma pamoja na makochi ya wateja. Na kila boti waliyoiona ilikuwa juu ya trela, nchi kavu, maana Mama Pacha alisema juu ya maji hakalii hata kwa dakika.

Ya kwanza ilikuwa ya meneja mmoja wa hoteli, nyeupe, inang'aa, spika za muziki kila kona. Kibiriti alishika mdomo. Muuzaji akaanza kutaja nguvu za injini, Bwana Sponji akamkatiza kwa upole: "Mke wangu anakaa wapi?" Mama Pacha akapandishwa kwa ngazi, akakaa, akazama. Sponji ilikuwa laini mno, magoti yakapanda mpaka usawa wa kidevu, na ukuta wa boti ukamfunika macho.

"Vipi, mama?" muuzaji akauliza.

"Hapa sijakaa, baba. Hapa nimelazwa."

Halafu Bwana Sponji akauliza inakunywa mafuta kiasi gani kwa saa moja, akaambiwa, akamshukuru meneja, wakashuka. Kwenye pikapu alisema, "Ile hata tungepewa bure ingetufilisi."

Ya pili ilikuwa nafuu, na hapo ndipo pangeweza kuharibika. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu, viti safi, na mwenyewe alikuwa na maneno matamu kama ya mshenga. Babu alikuwa tayari ameshaichagulia jina. Bwana Sponji akabonyeza kiti cha nyuma kwa dole gumba. Akabonyeza tena. Maji yakachuruzika kwenye mshono.

"Mvua ya juzi," mwenye boti akasema.

Bwana Sponji hakubishana. Akatoa mfukoni ile sindano yake ndefu ya kushonea makochi, urefu wa shibiri moja, akainua zulia la sakafuni, akaichomeka chini. Sindano ikaingia yote, taratibu, kama inaingia kwenye ndizi mbivu. Mbao za chini ya zulia zilikuwa zimeoza.

"Wewe ni fundi boti?" mwenyewe akauliza kwa hasira.

"Hapana, ndugu yangu. Mimi ni fundi makochi. Lakini kiti hakinidanganyi kuhusu sakafu."

Jioni ile Mama Pacha alimtazama mumewe kwa namna nyingine. Alikuwa amedhani amelogwa na utoto, kumbe macho yake yalikuwa wazi.

Ya tatu waliiona kwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya wodini. Wanawe walikuwa wamekua na kuhamia mbali. Boti ilikuwa uani chini ya turubai. Turubai lilipofunuliwa, panya wawili wakatoka mbio na Kibiriti akapiga yowe. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyoganda, na viti vilikuwa vimetafunwa mpaka mbao, cha nyuma kimeng'olewa kabisa. Ndiyo maana bei ilikuwa chini: kila aliyekuja aliona viti akaondoka.

Safari hii walikuja na Sikio, fundi mitambo wa yadi ya ziwani. Jina lake lilitokana na tabia yake ya kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho kama anasali. Aliwasha, akasikiliza, akazunguka, akasikiliza tena.

"Inasema nini?" Babu akamuuliza.

"Inasema ina njaa na imechoka kulala. Haina ugonjwa."

Bwana Sponji akachomeka sindano sakafuni, sehemu saba. Sindano ikagoma mara saba. Akasimama akamtazama mkewe.

Muuguzi ndiye aliyeuliza. "Na mtazamaji wenu atakuwa nani?"

"Mtazamaji?" Mama Pacha akasema.

"Ndiyo, mama. Dereva anatazama mbele. Mtoto yuko nyuma kwenye kamba. Lazima awepo mtu wa tatu, amekaa kuelekea nyuma, macho kwa mtoto tu. Akianguka, yeye ndiye anayepaza sauti. Bila mtazamaji, yadi hawakuruhusu hata kuwasha. Miaka yote ile, hapa kwangu nilikuwa mimi."

Mama Pacha akageuka. "Babu, ukiwa wewe ndiye mtazamaji, utamtazama dada yako?"

"Ndiyo, mama," Babu akajibu, macho kwenye simu.

"Nina vidole vingapi hapa?"

"Ndiyo, mama."

Hata muuguzi alicheka. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa ameona jambo ambalo miezi yote ile hakuliona: kwamba hofu yake ilikuwa imemweka mahali pabaya kuliko pote, yaani nyumbani, asikoona kitu. Watoto wangeenda tu. Kama si kwa boti ya baba yao, kwa robo saa za kukodi, wakitazamwa na mtu asiyewajua hata majina. Akapanda ngazi mwenyewe bila kushikwa. Pale palipokuwa na kiti cha nyuma palikuwa patupu, akachukua ndoo, akaipindua, akaikalia, mgongo kwa usukani. Kuta zilimfika kwapani. Sakafu ilikuwa ngumu chini ya viatu. Mbele yake, nyuma ya trela, mapacha wake walikuwa wamesimama kwenye majani, akawaona wote wawili, kuanzia utosi mpaka vidole vya miguu.

Alikaa muda mrefu. Kibiriti alikuwa ameshika mkono wa kaka yake.

"Hapa nitakaa," akasema. "Lakini si kwenye ndoo."

Bwana Sponji alishatoa tepu ya kupimia. Hakupima boti. Alimpima mkewe, urefu wa paja na upana wa mgongo, mbele za watu, naye akampiga kofi la bega.

Sasa hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo ni fundi makochi peke yake angeweza kulifanya. Kiti kile alikitengeneza kwa upendo, na upendo wake ulijua kutengeneza kitu kimoja tu: kochi la sebuleni. Alikata fremu ya mbao ngumu kama ya kitanda, akafunga springi, akapanga tabaka nne za sponji, akavika ngozi bandia ya buluu na kushona mshono maradufu. Kilibebwa na wanaume wanne. Walipoishusha boti majini kwa mara ya kwanza, nyuma ikadidimia na pua ikatazama juu kama kuku anayetaka kutaga. Yadi nzima ikatoka kuangalia.

"Bwana Sponji," Sikio akasema akijifuta machozi ya kicheko, "umesahau meza ya kahawa na televisheni."

Bwana Sponji akasoma tena kibati cha ubavuni kinachosema boti inabeba watu sita, akapiga hesabu ya uzito wa kochi akisaidiwa na mdogo wake, yule mwalimu, wakapitisha sheria: watu wanne, mgeni hapandi. Kisha akazima injini, akavua kofia, akasali kwa ufupi, kama alivyofanya kila Jumamosi baada ya hapo. Wakatoka.

Mama Pacha alivaa jaketi la kuokoa maisha juu ya sweta, akalifunga mpaka likamkaba. Alishika kochi kwa mikono yote miwili. Boti iliponguruma alifumba macho, kisha akakumbuka kazi yake, akayafumbua. Kibiriti aliinuka kutoka kwenye maji kama mtu anayeamka kitandani. Na kwa kuwa nyuma ya boti ilikuwa nzito, wimbi lililoiandama lilikuwa refu na nene, mara mbili ya lile la boti za kukodi. Msichana akalifuata kwa ubao, likamrusha, akapita hewani kutoka upande mmoja mpaka mwingine, akatua.

"Umeona, mama?" sauti yake ilifika nyembamba juu ya kelele.

"Nimeona!" Mama Pacha akapiga kelele, na hakujua kwamba alikuwa ameachia kochi.

Waliporudi gatini Sikio hakuwa anacheka tena. Alieleza kwamba watu hununua mifuko mikubwa, wakaijaza maji na kuipanga nyuma, ili tu boti ikae vile. "Wewe umepata wimbi la matajiri kwa kochi." Tangu siku hiyo wenye boti wengine walianza kumletea viti vyao dukani, na kila mmoja alijibiwa kwamba vyao vitatengenezwa vyepesi, maana kochi ni moja tu.

Wakaishi hivyo miaka mitatu. Springi zilipata kutu, zikabadilishwa. Injini iligoma mara mbili, wakavutwa kwa aibu. Babu alijifunza kugeuka hewani, simu ikawa inasahaulika kwenye pikapu. Mama Pacha hakujifunza kuogelea na hakuacha kukaba jaketi, lakini alijua kila anguko la wanawe kabla halijatokea. Alikuwa akisema "chini!" na Bwana Sponji akakata mafuta bila kugeuka. Katikati ya hayo waliongea, migongo imeelekeana, yeye akitazama mbele na mkewe nyuma, wakipigiana kelele habari za wateja, za vifurushi, za ada ya shule. Mama Pacha anasema hawakuwahi kuongea vizuri vile tangu uchumba.

Mwaka wa mwisho hospitali ilimwambia Bwana Sponji kwamba shinikizo lake la damu liko juu. Alikunywa dawa, alipunguza chumvi, aliacha kubeba makochi peke yake. Siku zake zilikuwa zimeandikwa.

Siku mbili za msiba nyumba ilijaa. Makochi yote aliyowahi kuyatengeneza mtaani yaliletwa watu wakae. Wifi yake Mama Pacha, dada mkubwa wa marehemu, alilia sana, na katika kulia akasema mbele ya watu kwamba boti ile iuzwe, kwamba ndiyo iliyomchosha kaka yake moyo.

Mama Pacha alimshika mkono. "Wifi, usiseme hivyo. Maisha yangu yote niliogopa maji yatanichukulia mtu. Hayakuchukua mtu. Yalinipa Jumamosi zaidi ya mia moja na mume wangu na wanangu, wote mahali pamoja. Mungu amemchukua kwa mkono wake mwenyewe, akiwa kavu, amekaa, kazi imekwisha. Sina la kumdai Mungu wala boti."

Wifi akalaza kichwa begani kwa Mama Pacha, na maneno yale hayakurudiwa tena.

Alizikwa Alhamisi, saa nane mchana. Jeneza lilikaa sebuleni kwa nusu saa, watu wa karibu wakaaga, kisha likabebwa kwenye pikapu ya duka, Sikio akiendesha. Ibada ilikuwa fupi kwa sababu marehemu mwenyewe aliwahi kusema hapendi watu wakae muda mrefu kwenye mabenchi yale. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba nyimbo mbili. Kibiriti alisoma historia ya baba yake bila kukwama, Babu alisimama kando yake ameshika karatasi.

Makaburini palikuwa na jua na upepo mdogo. Mteja yule wa kiti cha mwisho alikuja pia, akasimama nyuma kabisa. Kina mama walimwambia Mama Pacha akae kwenye gari wakati wa kushusha, akakataa. Alisimama kati ya wanawe, akaona kamba zinaachiwa, akaona jeneza limetulia chini. Mchungaji akasali. Akatupa udongo yeye, wakafuata watoto, akafuata shemeji na wifi, kisha wanaume wakachukua makoleo. Ilichukua kama dakika ishirini kujaza. Maua yakawekwa, kibao cha mbao chenye jina na tarehe kikasimamishwa. Mama Pacha akasema, "Asante, mume wangu. Lala salama," akamshukuru kila mmoja aliyeshika koleo, na wote wakarudi nyumbani.